Bunduki ya Kwale Wawili

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Habari kubwa. Goti la Percy Onions limepasuliwa hospitalini, na daktari amemkataza kusimama muda mrefu hadi Agosti. Nimesikitika kwa kadiri inayostahili, yaani kutoka lango la uwanja hadi meza ya chai.

Percy alikuwa mtu wa nne katika timu yetu ya kulenga njiwa wa udongo, yaani visahani vinavyorushwa angani na mtambo. Tarehe 26 kijiji chetu cha Wistanbury kitapambana na kijiji cha Hopsley, kama kila mwaka, na sasa nafasi ya nne iko wazi. Baada ya mechi timu hupigwa picha, na picha hutundikwa juu ya meko katika baa ya Farasi Mwekundu. Nimo katika picha zote sita zilizopita. Katika zote sita kinachoonekana ni kiwiko changu cha kulia, pembeni, kikishikilia sinia la chai. Mwaka huu nataka uso.

Bi. Gwen Pritchard, ambaye shamba ni lake na amri ni yake, ametangaza masharti. Mchujo ni Jumamosi ya tarehe 18. Visahani ishirini na vitano kwa kila mtu. Atakayevunja vingi ndiye wa nne. Halafu akaongeza kwamba kila mtu aje na bunduki yake mwenyewe, kwa kuwa ile ya klabu ni ya wanafunzi. Aliposema wanafunzi alinitazama mimi. Nimeitumia kwa miaka sita.

Lionel Gough alijiandikisha kabla sijameza keki. Daktari wa meno mstaafu. Ni mashoto, na bunduki yake ilitengenezwa Italia kwa vipimo vya mwili wake, kama suti. Bei yake ingenunua gari. Aliniuliza kama mimi nitakuja na manati.

Nimemwambia Muriel, mke wangu, kwamba nahitaji bunduki ya marisau. Amesema pauni mia tatu, na nikipita hapo nilale nayo bandani. Muriel alikulia shambani. Baba yake alimfundisha kupiga kunguru, na hadi leo huhuisha cheti chake cha bunduki kila baada ya miaka mitano, kama mtu anayetunza koti la ujana asilolivaa tena. Hana heshima kwa chombo. Kwake bunduki ni jembe.

Pauni mia tatu zinatosha. Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na minne. Hakuna muuzaji katika Shropshire nzima aliyewahi kuniuzia kitu nisichokielewa.

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimeendesha gari maili kumi na nne hadi duka la bunduki mjini. Limefungwa. Sikukuu ya benki, siku ya mapumziko nchi nzima. Mstaafu hana njia ya kujua mambo hayo.

Nimechungulia dirishani, viganja kando ya macho. Askari polisi aliyekuwa akipita ameniuliza natafuta nini. Nimemwonyesha cheti changu. Amesema, kwa upole, kwamba mzee anayechungulia duka la bunduki siku limefungwa asingojee kuulizwa mara ya pili. Nimekula sandwichi zangu za tango ndani ya gari.

Lakini nimeiona. Ukuta wa nyuma kabisa. Mitutu miwili iliyopandana. Kitako cha mti wa jozi, rangi ya asali. Ubavuni wamechongwa kwale wawili wakiruka, na kila unyoya unahesabika. Hiyo ndiyo bunduki ya mtu aliye katikati ya picha.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Duka limefunguliwa. Mwenyewe anaitwa Bwana Cadwallader, mtu wa sauti ya chini kama mzishi. Nimemweleza kwa ufupi mimi ni nani na bajeti yangu ni ipi. Akaniletea bunduki ya Kituruki. Nyeusi. Kitako cha plastiki. Haina hata ua moja la kuchongwa. Inafanana na bomba la kuteremshia maji ya mvua. Alisema haivunjiki, haisumbui, na mtu akipimwa ikarekebishwa inavyompasa, atavunja visahani nayo hadi azeeke. Nilimwambia nimekwisha kuzeeka.

Kisha akatoa futi ya kitambaa. Alitaka niinue bunduki, nimwelekezee, nimtazame jichoni, ili aone inavyonikaa. Nilimjulisha kwamba nilipima mizani ya wilaya hii alipokuwa bado anavaa kaptura. Futi ikarudi mfukoni.

Nikauliza kuhusu ile ya kwale, kwa sauti ya mtu asiyejali. Pauni mia tano na arobaini. Ipo ukutani miezi kumi na minne. Akaanza kusema kwamba bunduki hiyo si ya kila mtu, kwa sababu kitako chake... Nilimkatiza hapo hapo. Maneno hayo nayajua. Muuzaji akitaka kumvimbisha mnunuzi kichwa humwambia kitu si cha kila mtu.

Miezi kumi na minne ukutani! Moyo wake umekwisha kuchoka. Kinachobaki ni kuuchosha zaidi.

Mpango: watu wawili, siku mbalimbali, wasiojuana, waingie dukani, waishike bunduki ya kwale, watikise kichwa, waondoke. Kisha nifike mimi na pauni mia tatu, kama mkombozi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Asubuhi nimempeleka Percy, na magongo yake, kwa malipo ya pai moja ya nyama ya nguruwe. Amekaa dakika nne. Alipotoka alikuwa anacheka hadi akashika nguzo ya taa. Amesema hakuhitaji kuigiza: aliiweka begani mara moja tu na kichwa kikatikisika chenyewe. Mwigizaji wa kuzaliwa. Alitaka kunieleza zaidi, lakini nilikuwa naangalia saa.

Mchana nimemtuma Muriel. Nilimsisitizia akae muda wa kutosha ili aonekane mnunuzi wa kweli. Amekaa saa mbili. Nimemngoja garini na gazeti moja, ambalo sasa nalijua kwa moyo. Amerudi akisema Bwana Cadwallader ni mtu mwungwana sana na anajua kazi yake. Nikamuuliza kama alitikisa kichwa. Akasema, "Nimetumwa nitikise, nimetikisa. Bwana yule ameniambia kila anayeishika hiyo hutikisa kichwa."

Kila anayeishika! Bei inaporomoka bunduki ikiwa bado ukutani.

Njiani Muriel akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuiweka begani. Nimemjibu kwamba haina haja. Nimeiona.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Ni yangu. Pauni mia mbili na tisini.

Nilimkuta Cadwallader akifuta mitutu. Nikamwambia nimesikia, huko na huko, kwamba ana bunduki isiyopendwa. Akakiri. Nikataja bei yangu. Hakubisha hata kidogo. Badala yake akaniuliza napiga kwa bega lipi. Nikamjibu kwamba mabega yangu yote mawili ni mazima. Akaniuliza tena kama nina hakika. Muuzaji anayejuta huonekana hivyo, nimewaona wengi. Nilimwomba aniandikie bunduki katika cheti changu bila hotuba.

Ameandika. Kisha ametia karatasi ya maelezo ndani ya bahasha na kunisihi niisome nikifika nyumbani. Nimeitia katika droo ya visu. Sisomi matangazo ya biashara.

Muriel hayupo. Ameacha barua mezani: yuko kwa Gwen, wanashona mapazia. Kuna supu. Nimekula peke yangu na kwale wawili.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mazoezi. Nilifungua mfuko wa bunduki polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kuona. Waliona. Lionel aliomba kuishika. Akaiweka kwenye bega lake la kushoto, akafumba macho, akafumbua, akanirudishia kana kwamba anarudisha mtoto mchanga. "Bunduki tamu, mzee mwenzangu," alisema. "Sielewi Cadwallader alifikiri nini kukuuzia wewe." Wivu huo ulinitia nguvu.

Nikasimama kwenye alama. Nikasema, "Vuta!" Mtambo ukarusha kisahani. Kikapita. Nikasema tena. Kikapita. Katika ishirini na vitano nimevunja viwili, na cha pili Bi. Gwen anadai kilivunjika kwa kuanguka juu ya jiwe. Kwa bunduki ya klabu nilikuwa napata saba au nane.

Lionel aliniuliza hao njiwa wamenitendea wema gani hata nawaonea huruma hivyo. Bi. Gwen hakucheka. Alisema marisau yangu yote yanapita kushoto, na kwamba ua wake wa miiba upande huo umeanza kupukutika majani mwezi wa Mei.

Risasi ndizo mbovu. Nilinunua za bei rahisi.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nimenunua risasi za bei ghali na kurudi uwanjani peke yangu, Bi. Gwen akiuendesha mtambo huku akila tofaa. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Nimejaribu kuvua koti. Kushoto. Nimejaribu kulenga upande wa kulia kwa makusudi. Nimempata njiwa mmoja, lakini nilikuwa nimemlenga mwingine.

Bi. Gwen ameniuliza kwa nini sikupimwa dukani. Nimebadilisha mazungumzo, nikamuuliza mapazia yanaendeleaje. Amepaliwa na tofaa. Amesema yanaendelea vizuri sana, Muriel ana kipaji.

Jioni Muriel alikuwa anajipaka dawa ya kuchua begani. Nilimwonya kwamba mapazia mazito yanataka mtu ayainue kwa miguu, si kwa mabega. Alinishukuru kwa ushauri.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Siku mbaya. Muriel alikuwa anatafuta kisu cha mkate, akatoa bahasha ya Cadwallader, akaisoma kwa sauti akiwa amesimama. Kitako cha bunduki hii kimepindwa kuelekea kushoto kwa kusudi, ili mtutu ulingane na jicho la mpigaji anayetumia bega la kushoto. Haimfai anayepiga kwa bega la kulia: marisau yatapita kushoto.

Kisha Muriel akakipata kisu, akakata mkate.

Nimekileta kitako juu ya meza ya jikoni na kukipima kwa rula. Kimepinda kweli. Milimita sita. Miaka thelathini na minne ya kupima! Niliwahi kumfungia mtu bucha kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Nimemwomba Muriel asimwambie yeyote. Amesema hana haja, Percy alijua tangu Jumatano, na alichokijua Percy, Farasi Mwekundu nzima wanakijua. Nilimuuliza kwa nini basi hakuna aliyeniambia. Akaniuliza ni lini nilinyamaza.

Siwezi kuirudisha. Cadwallader angeniangalia.

Lakini jambo limenijia nikiosha vyombo. Nani katika uwanja wetu ni mashoto? Nani alifumba macho alipoishika bunduki ile, kama mtu anayenusa mkate wa moto?

Jumanne, tarehe 14 Mei

Ushindi. Nimemtembelea Lionel, nikajifanya napita tu, na bunduki mkononi. Nikalalamika kwamba kabati langu la chuma ni dogo. Nikasema inaniuma kuachana nayo. Akaniuliza kama nitakubali kubadilishana na bunduki ya marehemu baba mkwe wake, ya Kiingereza, mitutu imelala sambamba, kitako cha mtu wa bega la kulia. Inakaa bure darini katika kabati lake.

Nilijifanya nafikiri. Nilinywa chai vikombe viwili nikijifanya nafikiri. Kisha nikakubali, kwa shingo upande. Tumeandikiana katika vyeti, na kila mmoja ameijulisha polisi. Maskini Lionel hakuuliza swali hata moja. Alinisindikiza hadi garini akiimba.

Kwa hiyo sasa nina bunduki ya bwana mkubwa, na sikuongeza hata senti. Wengine huchagua bunduki kwa pesa. Mimi huchagua kwa subira.

Muriel yupo kwenye mapazia. Siku ya nne. Nyumba ya Gwen ina madirisha mangapi?

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Nimeipeleka bunduki mpya uwanjani. Kushoto. Zote kushoto.

Bi. Gwen amezima mtambo. Amekuja, akaniondolea bunduki mikononi, akaniambia, "Aubrey bwana, hebu nyosha mikono. Fanya tundu kwa viganja. Mwangalie yule ng'ombe wangu mwekundu katikati ya tundu." Nikamwangalia. Akaniamuru nifumbe jicho la kushoto. Ng'ombe akatoweka. Nilifumbua, akarudi. Nikafumba la kulia, ng'ombe akabaki pale pale, akitafuna.

Bi. Gwen akasema basi, jicho langu linaloongoza ni la kushoto. Ndilo linalolenga, nipende nisipende. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga kwa bega la kulia na kulenga kwa jicho la kushoto, na ua wake ni shahidi. Dawa ni moja: nihamie bega la kushoto. Kisha akasema, na alisema kwa furaha ya kweli, ndiyo sababu nayaandika maneno yake neno kwa neno: "Na una bahati ya ajabu, maana ile bunduki yako ya kwale ndiyo hasa iliyotengenezwa kwa mtu kama wewe. Iko wapi?"

Nimesema iko nyumbani imepumzika.

Kutoka hapo nimekwenda moja kwa moja kwa Lionel. Nilimweleza kwamba dhamiri yangu inanisumbua, kwamba siwezi kumnyang'anya mtu urithi wa baba mkwe wake. Alisema marehemu hakuwa mtu wa kupendeza na nisijisumbue. Nilisema Muriel amewakumbuka kwale. Alisema, "Mzee, tumeandikishana kwa polisi. Ziko ndoa zisizo na karatasi nyingi namna hii." Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ataiacha ya Italia nyumbani. Atakuja na ya kwale.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Bega ni bega. Hakuna sheria inayokataza kuiweka bunduki ya kulia kwenye bega la kushoto. Jicho ndilo linaloongoza, Gwen mwenyewe amesema. Nitajizoeza kwa ufagio, mbele ya kioo.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Ufagio umekaa vizuri sana begani. Nimevunja kikombe kimoja, lakini kwa kugeuka haraka, jambo ambalo ni dalili njema.

Nimemwomba Muriel kesho aje kunitazama. Amesema hawezi kukosa.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Mchujo. Mvua nyepesi. Naandika kwa ufupi.

Nilipiga wa kwanza. Bega la kushoto. Watu walinong'ona, na nilidhani ni heshima. Nikasema, "Vuta!" Kisahani kikapita, na majani yakapukutika kwenye ua wa miiba. Ua wa upande wa kulia. Nimevunja vitatu kati ya ishirini na vitano. Bi. Gwen alieleza baadaye, bila kuulizwa, kwamba kitako kilichopindwa kwa mtu wa kulia, kikiwekwa kushoto, kinatupa kila kitu kulia. Aliniomba pia, kwa adabu, nisirudi kupiga katikati ya uwanja hadi nyua zote mbili zipone.

Lionel alipiga kwa bunduki yangu. Kumi na tisa. Kila alipovunja kisahani aliwapapasa kwale ubavuni kwa kidole gumba. Watu walipiga makofi. Alikwisha kutoa kitana mfukoni, ajiandae kwa picha ya wiki ijayo.

Hapo Bi. Gwen akatazama orodha yake na kuita, "Tranter." Nilinyanyua mkono, nikamkumbusha kwamba nimekwisha kupiga. Akasema, "Si wewe, Aubrey. Muriel."

Muriel alitoka jikoni kwa Gwen akiwa amevaa buti za shambani na koti la marehemu baba yake. Mkononi alikuwa na bomba la mvua. Bunduki ya Kituruki, nyeusi, plastiki, isiyo na ua hata moja. Akasimama kwenye alama kama mtu aliyesimama mbele ya jiko. Hakuharakisha. Hakumtazama mtu. Vuta. Kikavunjika. Vuta. Kikavunjika. Ishirini na kimoja.

Lionel alirudisha kitana mfukoni. Dakika hiyo pekee nisingeiuza kwa pesa yoyote.

Percy, kutoka kwenye kiti chake, alimuuliza Muriel kama hakuogopa. Muriel akajibu kwamba kunguru hukata kona. Hivi visahani vinakwenda pale pale vilipoambiwa viende.

Ndani ya gari nilimuuliza ni tangu lini. Akasema: "Ulinituma dukani. Uliniambia nikae muda wa kutosha. Nikaishika bunduki yako, nikatikisa kichwa. Bwana yule akaniuliza kama ningependa kupimwa. Nikamwambia ndiyo." Alilipa kwa pesa zake za kuuza jemu. Gwen alimhifadhia katika kabati lake la chuma. Mapazia hayakuwapo.

Nilimuuliza kama haoni kwamba nafasi hiyo ilikuwa tegemeo langu. Akasema aliona. Akasema pia kwamba kwa miaka sita amezitazama picha zile katika Farasi Mwekundu kila Jumapili, akala viazi vyake, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza yeye kama angependa kujaribu. Hata yule anayelala naye chumba kimoja.

Niliwasha kipangusa mvua.

Jumapili, tarehe 26 Mei

Tumewashinda Hopsley kwa kisahani kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha Muriel.

Mimi nilibeba chai. Lakini sikuwa nimelala. Nilikuwa na mpango kuhusu picha. Mume wa mchezaji ana haki fulani. Nilikusudia kupita mbele ya timu na sinia wakati mpiga picha anainua kamera, nijikwae kidogo, nisimame wima katikati, nitabasamu.

Nilipita. Mpiga picha akaniomba nisogee. Nikasogea hatua moja. Akaniomba tena. Lionel, aliyekuja kutazama tu, akanishika bega kwa upole na kunisogeza upande mwingine kabisa wa timu, akisema, "Njoo huku, mzee, usije ukamwagia mkeo chai siku yake."

Muriel yuko katikati. Ameshika bomba la mvua kama jembe. Amependeza, lazima niseme. Sijamwona akicheka hivyo tangu fahali wa mjomba wake alipoingia kanisani.

Mimi niko pembeni. Kiwiko. Cha kushoto safari hii.

Jumanne, tarehe 28 Mei

Nimekwenda kwa Cadwallader kuuza ile ya baba mkwe wa Lionel. Alinipa pauni mia mbili na sitini bila kubishana. Mtu mwungwana, nimembadilishia maoni.

Na nilipokuwa nageuka kutoka, nikaiona. Ukuta wa pembeni, chini ya saa. Bata watatu wamechongwa wakitua majini, na mabua ya matete nyuma yao. Ya mashoto! Safari hii niliuliza kwanza. Mtu anayesema sijifunzi hanijui.

Kitako ni kifupi kidogo, jambo zuri, itakuwa nyepesi kubeba. Pauni mia tano. Ipo hapo mwaka mzima. Cadwallader akatoa futi yake. Nikamwambia hakuna haja, mimi ni mtu wa jicho la kushoto, nimepimwa kwa ng'ombe. Akaanza kunieleza kwamba ilitengenezwa kwa bibi mmoja mdogo sana, ambaye akisimama alikuwa akimfikia yeye kifuani. Nilimkatiza. Nanunua bunduki, sinunui hadithi za marehemu.

Mwaka mzima ukutani! Moyo wake umekwisha kuchoka.

Kesho nitamtuma Muriel aende akatikise kichwa.